Barua Pasipo Tikiko: Juu ya Ushirikiano wa Vyuo katika Elimu kwa Enezi

Mtume Paulo, akiufunga Waraka kwa Wakolosai (4:7-16), aagiza usomwe pia Laodikia, na ule utokao Laodikia usomwe Kolosai. Hapo twaona sharika mbili zikishiriki mafundisho ya mwalimu mmoja aliye mbali, tena kifungoni. Walakini Paulo hakutuma karatasi peke yake. Alimtuma Tikiko, awaeleze habari na kuwatia nguvu. Kwa kipimo hicho twapenda kuupima ushirikiano wa vyuo vyetu vya theologia katika Afrika Mashariki.

Elimu ya theologia kwa njia ya enezi ilianza mwaka 1963 katika seminari ya Kipresbiteri nchini Guatemala. Walimu waliona kwamba wengi waliosomeshwa mjini hawakurudi kutumika vijijini; basi wakawafuata wanafunzi waliko. Nguzo zilikuwa tatu: kitabu cha kujisomea nyumbani, utumishi katika usharika, na mkutano wa kila juma pamoja na mkufunzi. Afrika Kusini, chuo cha enezi kilichoanzishwa mwaka 1976 kimehudumia makanisa ya madhehebu mbalimbali. Hivyo hakuna awezaye kusema kwamba jambo hili haliwezekani.

Kosa letu ni kwamba tumeishika nguzo ya kwanza na kuiacha ya tatu. Jana tulituma vitabu kwa posta. Leo twatuma masomo kwa intaneti, na kuita badiliko hilo ubora. Lakini mwinjilisti wa mtaa, ambaye Jumapili nyingi ndiye ahubiriye, afundishaye kipaimara na kuwafariji wafiwa, hana wa kumwuliza. Akikosea juu ya kifo na ufufuo, gharama hailipwi na chuo. Hulipwa na mjane aliyeketi mbele yake.

Kwa hiyo mapatano ya vyuo yasihesabiwe kwa sahihi zilizotiwa, bali kwa maswali matatu. Je, twaandika pamoja kitabu cha Kiswahili kiwezacho kusomwa Tanzania, Kenya na mashariki ya Kongo, au kila chuo chafasiri peke yake kile kile cha Kiingereza? Je, mwanafunzi wa chuo kimoja aweza kukutana na mkufunzi wa chuo kingine kilicho karibu naye? Je, alama alizopata huko zakubaliwa huku?

Wako wasemao kwamba ushirikiano utaufifisha Ungamo letu. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, kwa maana mafundisho ya sakramenti si jambo la kupatania mezani. Lakini Kiyunani, historia ya Kanisa na utangulizi wa Agano la Kale vyaweza kufundishwa pamoja, na kila kanisa likafundisha ungamo lake lenyewe. Ungamo la Augsburg halijadhuriwa kamwe na somo la sarufi. Twashuku kwamba mara nyingine tunachokilinda ni ada na jina la chuo, wala si imani.

Nasi tufundishao hatuna budi kujihukumu kwanza. Tumekuwa wepesi wa kuandika mtaala, wazito wa kufunga safari. Barua tunazo nyingi. Anayetafutwa ni Tikiko, na yawezekana ameketi katika ofisi ya mkufunzi, akisahihisha mitihani ya watu asiowajua kwa sura.