Upweke wa Fikirini: Kuisoma Upya "Damu Nyeusi"

Niliisoma hadithi fupi "Damu Nyeusi" ya Ken Walibora kwa mara ya kwanza nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni hapa Kampala, katika nakala iliyokwisha kupita mikono mingi. Msomaji mmoja aliyenitangulia alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa ukurasa: "Maudhui: ubaguzi wa rangi." Nami katika zoezi langu niliandika hivyo hivyo, nikapata alama nzuri, nikairudisha nakala maktabani. Mwaka huu nimeirudia hadithi hiyo kwa sababu isiyohusu mtihani. Dada yangu mkubwa yuko Uingereza akisomea shahada ya uzamili, na mimi mwenyewe nimeanza kujaza fomu za kuomba nafasi kama yake. Safari hii maneno yale ya kalamu nyekundu hayakunitosha.

Kwa wenzangu ambao hawajaisoma, Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine ni mkusanyiko uliohaririwa na Ken Walibora na Said A. Mohamed, ukachapishwa mwaka 2007, na baadaye ukatahiniwa katika shule za upili za Kenya. Hadithi inayokipa kitabu jina lake inamhusu Fikirini, kijana wa Kiafrika anayesoma Marekani. Basi linampita akiwa kituoni kwenye baridi. Darasani anajiona mgeni anayetazamwa kwa dharau. Katika hali hiyo anakutana na Fiona, Mmarekani mweusi anayemchangamkia. Fikirini anaamini kwamba weusi wao ni undugu, anakubali kukaribishwa nyumbani, na huko Fiona pamoja na mwanamume aitwaye Bob wanamgeuka na kumpora.

Usomaji uliozoeleka unatoa mafunzo mawili: kwamba Wazungu wa huko ni wabaguzi, na kwamba si kila mweusi ni ndugu yako. Sisemi mafunzo hayo ni ya uongo. Walibora alisoma Marekani mwenyewe, akapata shahada ya uzamivu katika Ohio State University, na bila shaka aliijua baridi ya kituo cha basi. Ninachosema ni kwamba mafunzo hayo hayajibu swali kubwa la hadithi. Kijana aliyevuka bahari kwa sababu ya akili zake anaingiaje katika nyumba ya mtu asiyemjua? Hata jina lake linatuchokoza. "Fikirini" ni amri inayotolewa kwa watu wengi, ni kama mwandishi anatuambia sisi sote tufikiri. Lakini aliyepewa jina hilo ndiye anayeshindwa kufikiri siku alipohitaji zaidi kufikiri.

Jibu langu ni upweke. Tazameni mpangilio wa matukio. Fiona angeletwa mwanzoni, kabla ya basi na kabla ya darasa, tungemwita Fikirini mjinga na kufunga kitabu. Anakuja baada ya kijana kupitwa na kudharauliwa, na ndiyo maana tabasamu moja linakuwa na uzito mkubwa kuliko tahadhari zote. Ubaguzi ulimchimbia Fikirini shimo, lakini kilichomsukuma ndani ni kiu ya kuwa na mtu. Tukiishia kwenye ubaguzi tunamwona aliyeonewa tu. Tukienda mpaka kwenye upweke tunamwona mtu mwenyewe, na tunaona kwamba yeyote kati yetu angeweza kuwa yeye.

Upweke huo unaeleza pia kosa ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha hadithi. Dereva wa basi alimtazama Fikirini, akaona rangi, akapita. Fikirini alimtazama Fiona, akaona rangi, akaingia. Mmoja alichukia na mwingine alipenda, lakini wote wawili hawakumwona mtu. Aliyeumizwa na kipimo fulani alikichukua kipimo hicho hicho akakitumia kuchagua rafiki. Kwangu huu ndio uhodari mkubwa wa Walibora katika hadithi hii, na sijui kwa nini hatuusemi darasani.

Hata hivyo, nina malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba hadithi yenyewe haikuepuka kosa ililolionyesha. Fiona na Bob wamebebeshwa mzigo wa Wamarekani weusi wote. Msomaji wa Gulu au Mbale ambaye hajawahi kukutana na hata mmoja wao anafunga kitabu akiwa na picha ya wanyang'anyi wawili. Kama angekuwapo Mmarekani mweusi mwingine, hata jirani wa kupita tu, fumbo la kichwa cha hadithi lingekuwa na pande zaidi ya moja. Ilivyo sasa, imani kwamba damu ni undugu inavunjwa, lakini mahali pake panabaki onyo la kutomwamini mtu.

Lalamiko la pili ni kwamba hadithi imeweka uzito wake wote kule ugenini, ilhali upweke wa mwanafunzi wa kigeni huanzia nyumbani kabla ya ndege kuruka. Hili nimeliona kwa macho yangu. Sheria za viza ya masomo ya Uingereza zinamtaka mwombaji aonyeshe kwamba fedha zinazotakiwa zimekaa benki siku 28 mfululizo. Kwetu fedha hizo hazikuwa za mtu mmoja. Baba alikopa kwenye chama chake cha akiba na mikopo, mjomba akauza ng'ombe wawili, na shangazi akatoa karo ya wanawe kwa sharti kwamba irudi kabla muhula haujafunguliwa. Kwa siku 28 ukoo mzima uliishi kwa kuitazama akaunti moja. Ikaja zamu ya kipimo cha kifua kikuu, ambacho mwombaji kutoka Uganda hupaswa kukifanya, ndipo dada akasafiri. Mtu aliyesindikizwa na madeni ya namna hiyo hawezi kupiga simu usiku kumwambia mama yake kwamba leo basi limempita. Atasema kuna baridi kidogo, na masomo yanaendelea vizuri.

Mwandishi aliyeuona upande huu kwa uwazi ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Katika riwaya yake Gravel Heart ya mwaka 2017, kijana Salim anatoka Zanzibar kwenda London kukaa kwa mjomba wake, ambaye amemchagulia masomo ya biashara. Salim hayawezi masomo hayo wala hayapendi. Anamwandikia mama yake barua, lakini nyingi kati ya hizo hazipeleki, zinabaki daftarini. Zinazofika ni zile zinazoweza kusomwa nyumbani bila kumtia mtu wasiwasi. Mama anafariki Salim akiwa bado mbali, na yaliyomo katika daftari lile hayajamfikia.

Nikiwaweka Fikirini na Salim pamoja naona kwamba kila mmoja ana nusu ya jambo. Fikirini hana wa kusema naye kule aliko. Salim ana mama wa kusema naye, lakini ukweli hausemeki. Gurnah aliandika kwa Kiingereza, na simlaumu. Ninachouliza ni kwa nini barua isiyotumwa, jambo ambalo nyumba nyingi za Afrika Mashariki zinalijua, bado haijawa mada kubwa ya hadithi zetu za Kiswahili.

Wapo watakaoniambia kwamba aliyeachwa nyumbani hana hadithi, kwa kuwa yeye hakwenda popote. Sisi wa Uganda tunalo jibu la karibu. Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa ya mwaka 1975 ya utenzi wa Okot p'Bitek, wote ni sauti ya mwanamke aliyebaki mahali pamoja huku mumewe akienda mbali kwa njia ya vitabu. Ocol hakuhitaji ndege. Makerere ilitosha kumfanya amwonee haya mkewe. Lawino anamtukana, anamdhihaki, anambembeleza, na kila neno lake linamtaka arudi awe mtu wa kwao. Ninaupenda utenzi huu kwa sababu Lawino hakubali kuambiwa kwamba mambo ni mazuri tu. Hapokei salamu za juu juu. Fikirini na Salim walihitaji mtu wa namna hiyo upande wa pili wa simu.

Baada ya kufikia hapo katika usomaji wangu niliona aibu, kwa sababu katika familia yetu mimi sikuwa Lawino. Kwa miezi minane nilikuwa nikimuuliza dada swali moja: "Masomo vipi?" Naye akijibu kwa jibu moja. Jumapili moja nilimpigia, nikamuuliza kwa Kiganda anakula na nani. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniambia kwamba mara nyingi hula amesimama, katika jiko analolitumia pamoja na watu watano ambao majina yao hana hakika nayo. Viza yake inamruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, na saa hizo anazimalizia katika nyumba ya kutunzia wazee. Huko kuna bibi mmoja anayemuuliza jina lake kila siku, kwa sababu kila siku amelisahau.

Halafu akaniambia jambo ambalo limenifanya niandike makala haya. Mwezi wa pili baada ya kufika, alikuwa kwenye foleni dukani akasikia watu wakiongea Kiswahili nyuma yake. Dada yangu ndiye aliyenicheka nilipochagua somo hili, akisema Kiswahili ni lugha ya wanajeshi. Siku ile aligeuka, akawasalimu kwa maneno machache anayoyajua, na jioni alikuwa nyumbani kwao, nyumba ya watu asiowajua, akila ugali na sombe. Walikuwa familia kutoka Kongo, mashariki. Wamekuwa wakimwalika tangu hapo.

Alifanya kosa lile lile la Fikirini. Badala ya kusikia wito wa damu alisikia wito wa lugha, akaingia. Hakuporwa. Je, alikuwa mwerevu kuliko Fikirini? Sidhani. Alikuwa mpweke kama yeye, akakutana na watu wengine. Kwa hiyo siwezi tena kukubali fundisho kwamba Fikirini alikosea kwa kuamini. Alikosea kwa kudhani rangi inampa hakika, lakini hitaji lililompeleka mlangoni lilikuwa hitaji halali la binadamu, na hadithi inapoishia na onyo inamwacha msomaji wake bila jibu la hitaji hilo.

Ninawaomba wahadhiri wetu watakaoendelea kufundisha "Damu Nyeusi" waongeze swali moja kwenye yale ya kawaida: Fikirini angempigia nani simu usiku ule, na angemwambia nini? Wanafunzi wengi tutakwenda kusoma nje, au tutawasindikiza wanaokwenda, na swali hilo litatuhusu kabla ya lile la maudhui. Wenzangu wanaotunga nawaomba watuandikie hadithi ya siku 28, ya shangazi na karo yake, na ya simu isiyosema kitu.

Fomu yangu mimi iko nusu. Kuna sehemu inayoniuliza kwa nini nataka kusoma katika nchi hiyo, na nimekwisha kuijaza kwa maneno mazuri. Nitaituma. Kabla ya hapo nimekubaliana na mama jambo moja: nikienda, asiniulize habari za masomo.