Jiwe Halilazwi

Fundi wa njia za baiskeli msituni hukagua kazi yake mvua inaponyesha. Waendeshaji wakiwa wamejibanza mahali pakavu wakingoja ipuse, yeye yuko nje, koleo begani, anayafuata maji kwa miguu: yameingilia wapi njiani, yametembea umbali gani kabla ya kutoka, yamebeba nini. Jua likishawaka hubaki alama tu, na alama zina namna yake ya kudanganya.

Msitu ninaoufikiria ni Coed y Brenin, karibu na mji mdogo wa Dolgellau, kaskazini mwa Wales. Katika miaka ya 1990 Dafydd Davis, aliyekuwa mtumishi wa idara ya misitu, alianza kujenga humo njia zilizokusudiwa baiskeli za milimani tangu sururu ya kwanza. Kabla yake, misitu ya Uingereza ilikuwa hasa na barabara za kusafirishia magogo ambazo baiskeli ziliruhusiwa kupita. Baadaye misitu ya kusini mwa Scotland iliufuata mfano huo huo, na Davis mwenyewe akatunukiwa nishani ya MBE. Mtu kupewa nishani kwa kupanga mawe ardhini! Ukijua mvua ya huko huoni ajabu. Katika milima jirani ya Eryri kuna vilele vinavyopata zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka. Nairobi hupata kama 1,000.

Kanuni ya kwanza ya ufundi huu ni kuukata mlima kwa ubavu. Mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu inapopita. Kama ubavu una asilimia 16, njia isipite 8. Ikizidi hapo, maji hayaivuki tena njia kwenda upande wa pili bali huifuata yenyewe, na kabla ya misimu mingi umepata korongo. Kanuni hii imeenezwa sana na IMBA, chama cha waendesha baiskeli za milimani kilichoanzishwa California mwaka 1988. Pamoja nayo huja nyingine: ukingo wa chini uwe umeinama kidogo, asilimia 3 hadi 5, na kila baada ya hatua kadhaa njia ishuke kidogo kisha ipande, ili maji yakifika bondeni yakose pa kwenda isipokuwa nje.

Ndipo huanza kuchimba. Udongo mweusi wa majani yaliyooza, ambao mkulima angeutia kwenye gunia akaenda nao nyumbani, huondolewa wote. Unashika maji, na ukikanyagwa huwa uji. Fundi hushuka mpaka afike udongo mgumu wa chini, tena hukata upana wote wa njia ndani ya kilima. Mvivu hukata nusu, kifusi akakimwaga upande wa chini kiwe nusu ya pili. Nusu hiyo huzama, na waendeshaji huzama nayo.

Juu ya hapo huja mawe makubwa, kisha kokoto mchanganyiko, kuanzia saizi ya milimita 40 hadi vumbi. Anayeanza kazi hupenda kokoto safi zilizooshwa kwa sababu zinapendeza. Hazifai: huviringika chini ya tairi, na baada ya mwezi zote ziko vichakani. Vumbi ndilo linaloshika. Yeyote aliyeiona barabara ya moramu iliyoshindiliwa vizuri analijua jambo hili bila kufundishwa. Unyevu nao lazima uwe wa kadiri. Fundi huteka konzi moja, akaifinya, akafungua kiganja. Ikishikamana bila kutoa maji, mashine ya kushindilia inaweza kupita, tabaka kwa tabaka.

Lakini waendeshaji hawaji Wales kutafuta asilimia 8. Wanataka mteremko unaowapandisha roho mdomoni, na hapo kanuni ya ubavu huvunjwa kwa makusudi. Bei yake hulipwa kwa mawe.

Fundi huanzia chini kabisa ya mteremko, na jiwe la kwanza huwa kubwa kuliko mengine yote kwa sababu yote yataliegemea. Jiwe halilazwi. Husimamishwa wima shimoni, uso wake ulio sawa ukiwa juu, likazikwa kama muhogo, kinachoonekana kikiwa sehemu ndogo tu. Mawe yaliyolazwa kama vigae huvutia wiki ya kwanza. Gurudumu likifunga breki juu yake huyainua ukingoni, maji yakapita chini, kazi ikaisha. La pili huegemezwa la kwanza, viungo vikipishana ili pasipatikane mstari ulionyooka wa kupitisha maji. Mianya hugongewa vijiwe vya kabari kwa nyundo. Mtihani wenyewe ni mguu: fundi hupanda juu ya kila jiwe akaliruka-ruka, na likicheza hung'olewa, hata kama limemla asubuhi nzima. Siku ikiisha umeongeza mita chache. Ninachokistahi zaidi ni uamuzi wa mwisho, lipi liachwe limechomoza kidole kimoja. Likizidi, mtu ataanguka. Yakiwa sawa yote, wapandaji watalalamika kwamba wamejengewa ngazi ya benki.

Umaarufu ndio huiletea njia maradhi. Kabla ya kila kona hujitokeza matuta madogo yanayotokana na breki. Kuyajaza kokoto ni kupoteza toroli zima, kwani chanzo chake ni mwendo ambao mtu amefika nao. Fundi mzoefu hupanda juu zaidi, akavingirisha jiwe kubwa hadi ukingoni ili njia ionekane nyembamba, na mtu hupunguza mwendo bila kujua kwamba ameamriwa.

Dimbwi nalo lina utaratibu wake. Watu hulizunguka, njia ikapanuka, msitu ukapoteza hatua nyingine. Kwanza hufunguliwa ukingo wa chini, ambapo udongo uliorushwa na matairi umejenga kizuizi. Halafu tope huchotwa mpaka pagumu. Kokoto huja mwisho. Aliyepita msitu wa Karura, Nairobi, wakati wa masika, udongo mwekundu ukiganda kwenye matairi mpaka yakakataa kuzunguka, anaelewa kwa nini siku nyingine dawa pekee ni kuweka kizuizi na kufunga njia.

Mwishoni mwa Machi 2025 Cyfoeth Naturiol Cymru, shirika la umma linalosimamia Coed y Brenin, lilifunga mkahawa na duka la kituo cha wageni ili kubana matumizi, njia zikabaki wazi. Naelewa uchungu wa aliyekosa chai baada ya kulowa. Mimi lakini ningeuliza kwanza kuhusu fedha za reki na koleo. Majani huanguka kila vuli bila kusoma bajeti, na mfereji uliozibuliwa Oktoba huenda ukahitaji kuzibuliwa tena Novemba.