Wiki Moja na Wafumaji wa Lowell

Ndugu zangu, Out of the Park Baseball ni hatari. Niliufungua mchezo huu nikitaka kuuonja tu, na sasa nina wachezaji 26 ambao hawajawahi kuzaliwa popote duniani, na matatizo yao nayajua kuliko ya majirani zangu. Mmoja bega linamuuma. Mwingine ana uchu wa pesa ambao hata hajisumbui kuuficha. Wa tatu ana miaka 37, magoti yamekwisha, na ndiye ninayemtegemea kuliko wote. Huu ni mtazamo wa kwanza, kwa hiyo msinidai utulivu. Utulivu nitautoa wapi?

Waliokesha na Football Manager wameshajua tunaelekea wapi. Hapa hushiki gongo wala hukimbii. Wewe ndiye kocha na ndiye mkuu wa usajili: unapanga kikosi, unanunua, unauza, unaamua nani arushe mpira leo na nani apumzike, kisha kompyuta inaicheza mechi na kukusimulia mrusho kwa mrusho. Mchezo huu ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na Mjerumani, Markus Heinsohn, mtu wa nchi ambayo ukitaja mpira kila mmoja anawaza kandanda. Toleo la 2007 lilipata wastani wa alama 96 kati ya 100 kwenye Metacritic, kiwango ambacho michezo mingi yenye bajeti kubwa huishia kukitamani. Mwaka 2020, corona ilipoisimamisha ligi kuu ya Marekani, tovuti ya takwimu ya Baseball-Reference iliutumia mchezo huu kuuendesha msimu siku baada ya siku, na watu wakawa wanafuatilia matokeo ya mechi ambazo hakuna aliyezicheza. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka. Sicheki tena.

Ukitaka historia, unaweza kuanzia msimu wa 1871 na kupanda nayo hadi leo. Mimi nimeiacha. Nimeunda ligi ya kubuni, wachezaji wote wametungwa na kompyuta, na timu nimeiweka Lowell, Massachusetts, mji uliojulikana kwa viwanda vya nguo kando ya mto Merrimack. Nimeiita Wafumaji. Lowell ndiko alikozaliwa mwandishi Jack Kerouac mwaka 1922, na Kerouac, tangu utotoni, alikuwa na ligi yake mwenyewe ya besiboli ya kubuni: timu zenye majina ya magari na ya rangi, wachezaji wa kichwani mwake, takwimu alizozijaza kwa mkono, hadi taarifa za magazeti ya michezo alizojitungia. Aliendelea nayo hata ukubwani, na makaratasi hayo leo yamehifadhiwa New York Public Library. Kwa hiyo anayeniona nimerukwa na akili ajue kwamba nimerukwa nazo pamoja na watu wenye heshima zao.

Sasa twende kwenye wiki yenyewe, maana hapo ndipo utamu ulipo.

Sisi tumelelewa na mpira wa Jumamosi. Timu inacheza, inafungwa, unanuna hadi Jumatano, kuanzia Alhamisi unaanza kutumaini upya. Besiboli haikupi nafasi ya kununa. Msimu wa ligi kuu una mechi 162, karibu kila siku kuna mechi, na ukipigwa leo, kesho saa moja jioni uko uwanjani tena na watu walewale. Ndiyo maana ukubwa wa mtu haupimwi kwa mechi moja. Seattle Mariners wa 2001 walishinda mechi 116, rekodi ya kutisha, lakini walipoteza 46. Chicago White Sox wa 2024 walipoteza 121, aibu ya karne, lakini walishinda 41. Yaani timu mbovu kabisa inashinda karibu mara nyingi kama timu bora inavyopoteza! Ukilielewa hilo, unaelewa kwa nini wiki ndiyo kipimo sahihi cha mchezo huu. Mechi moja ni bahati nasibu. Msimu ni mrefu mno kuukumbatia. Wiki inakutosha mikononi.

Jumatatu hakuna mechi, lakini barua hazipumziki. Daktari wa timu anasema mrushaji wangu wa Alhamisi ana bega. Mmiliki anakumbusha malengo yake ya msimu kwa lugha ya adabu inayotisha. Na skauti kaleta ripoti ya kijana wa miaka 20 aliyeko timu yetu ya chini. Jina lake la kompyuta analo, mimi namwita Dogo. Maskauti wa besiboli hupima kwa alama 20 hadi 80, na 50 ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Mpira wa kasi wa Dogo: 65. Uwezo wake wa kuulenga mpira anakotaka: 35. Kwa maneno mengine, ana bunduki na hana macho. Na raha ya mchezo huu ni kwamba skauti mwenyewe anaweza kuwa amekosea, kwa sababu unachoonyeshwa ni maoni ya mtu, na watu hupitiwa.

Jumanne, nyumbani, dhidi ya Providence. Hapa lazima nieleze kidogo. Mechi ina zamu tisa; katika kila zamu timu inapiga hadi watu wake watatu watolewe. Zikiisha ngoma ikiwa droo, mnaendelea hadi mshindi apatikane. Tangu 2020, kwenye mechi za msimu wa kawaida, ligi kuu ya Marekani huweka mkimbiaji wa bure kwenye kituo cha pili kila zamu ya nyongeza, ili watu wakalale mapema. Mchezo unakuruhusu kuizima kanuni hiyo. Mimi niliizima kwa kiburi cha mtu anayependa mambo ya asili, kwa sababu sheria ya zamani ndiyo iliyotupa mechi ya 1981 kule Pawtucket, Rhode Island, si mbali na Lowell: zamu 33, muda wa saa 8 na dakika 25, ikaanza Aprili, ikasimamishwa alfajiri, ikamaliziwa Juni.

Basi besiboli ikanijibu. Tatu kwa tatu baada ya zamu tisa. Ya kumi, hakuna. Ya kumi na mbili, hakuna. Natoa warushaji wa akiba mmoja mmoja, na kila ninayemtoa ni mtu ambaye sitakuwa naye kesho. Skrini inaonyesha kabisa idadi ya mirusho yao kwa siku zilizopita, nambari zinapanda, na mimi nazitazama kama mtu anayetazama salio la bando likiyeyuka. Baada ya zamu ya kumi na tano, wote wanane wamekwisha. Ya kumi na sita nikamrushisha mlinzi wa akiba wa kituo cha tatu! Mtu ambaye kazi yake ni kudaka! Akarusha mipira ya pole, ile ya kumbembelezea mtoto, na Providence, kwa uroho, wakaipiga yote juu, ikadakwa yote. Kisha Babu, yule mdakaji wa miaka 37 aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji zamu zote kumi na sita, akasukuma mpira wa chini kati ya walinzi wawili, mtu wetu akamaliza vituo na kuingia nyumbani, nne kwa tatu. Nilipiga kelele. Usiku wa manane, kwa ajili ya mstari mmoja wa maandishi.

Jumatano tulilipa. Mrushaji wa kuanzia alipigwa pointi tano katika zamu ya pili na sikuwa na wa kumwokoa, hivyo nikamwacha pale kati, jua kali, aendelee kupigwa. Ikaisha 12 kwa 2. Hakuna zaidi la kusema kuhusu Jumatano.

Lakini Alhamisi! Mwenye bega nimeshamweka kwenye orodha ya majeruhi, akiba yote hoi, nikapiga simu chini: mleteni Dogo. Nikabadilisha mtindo wa kutazama, kutoka matokeo ya haraka hadi mrusho kwa mrusho, na huo ndio ushauri wangu wa kwanza kwa mgeni yeyote. Siku za kawaida ruka. Siku ya namna hii, kaa.

Mpigaji wa kwanza: mipira minne ya nje mfululizo, anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Wa pili: anafika mipira mitatu ya nje kwa straiki mbili, roho juu, kisha Dogo anaupeleka mpira chini, nje; naye anatembea. Wa tatu anampiga mpira wa mbavu. Vituo vyote vitatu vimejaa, hakuna aliyetolewa, kijana hajamaliza hata dakika kumi za maisha yake ya ligi kuu, na anayekuja ndiye mpigaji mkubwa wa Providence, mtu wa homrani. Nimebaki na kitufe kimoja cha kubonyeza na sitaki kukibonyeza.

Straiki, mpira wa kasi. Wa pili mpigaji anaugusa, unatoka nje ya mstari, straiki ya pili. Wa tatu mbali, hakudanganyika. Halafu Dogo anatoa mpira wa kuzuga, ule unaotoka mkononi kama wa kasi na kuchelewa njiani. Jitu limeshazungusha gongo, mpira ndio kwanza unafika. Straiki ya tatu, auti! Wa tano anaupiga mpira chini kwa mlinzi wa kati, kituo cha pili, kituo cha kwanza, wawili kwa mpigo mmoja. Zamu imekwisha na hawajapata kitu. Hawajapata kitu! Dogo alikwenda zamu tano, mirusho 92, pointi mbili tu, tukashinda nne kwa mbili.

Je, ni Dogo peke yake? Hapa ndipo mchezo huu unapowaacha wenzake mbali. Mdakaji wa siku hiyo alikuwa Babu, na uwezo wa mdakaji kuwasaidia warushaji umo ndani ya mahesabu ya mchezo. Nambari yake ya kupiga imeshaporomoka, kasi hana, kila takwimu inayoonekana inasema muuze. Ila kuna takwimu isiyopiga kelele, na nimeanza kuamini ndiyo iliyomvusha kijana yule kwenye zamu ya kwanza. Sina hakika. Kompyuta haikuambii. Inakuachia ubishi, na mimi nimebishana ubishi huo peke yangu jikoni nikisubiri chai ichemke.

Wikiendi tulikuwa Albany. Ijumaa tulishinda, Jumamosi na Jumapili tukapigwa. Jumla ya wiki: tatu kwa tatu. Kwenye msimamo hatujapanda wala kushuka, tuko palepale tulipokuwa Jumatatu asubuhi, na sijawahi kupata patashika kama hii kwenye mchezo wowote wa kompyuta, ukiwemo ule ambao nilichukua ubingwa wa Ulaya na timu ya daraja la pili.

Kasoro? Zipo. Skrini zimejaa nambari hadi mgeni anakosa pa kuanzia, na menyu zina watoto, wajukuu na vitukuu. Asiyejua besiboli kabisa atahitaji uvumilivu, au rafiki wa kumwelekeza, ingawa nadhani mtu anaweza kujifunza besiboli yenyewe humu vizuri kuliko kwa kutazama mechi za kweli, kwa sababu hapa kila uamuzi unapita mkononi mwako na unaona ulichozaa. Sura za wachezaji zimetengenezwa na kompyuta, na baadhi yao wana macho ya mtu aliyepigwa picha akiwa usingizini. Upande wa Perfect Team, ule wa kukusanya kadi na kushindana mtandaoni, sijaugusa na sina hamu nao. Mimi nina timu. Warushaji wangu wanalala vibaya. Nina kazi.

Tena kazi yenyewe imeongezeka. Jumapili usiku barua imeingia kutoka Albany: wanamtaka Babu, na wanatoa mrushaji wa mkono wa kushoto wa miaka 23, mwenye alama zinazonitia mate. Mkataba wa Babu unaisha mwisho wa msimu. Mmiliki angefurahi. Skauti anasema kubali, tena kesho asubuhi kabla hawajabadili mawazo. Nimeisoma barua hiyo, nimeisoma tena, nimekwenda kuangalia takwimu za Dogo za Alhamisi, kisha nimebonyeza kataa. Jumanne Hartford wanakuja Lowell, na zamu ya Dogo kurusha inaangukia siku hiyohiyo.