Kulima ni sisi, kuvuna ni wao?



Huku Bordesley Green, jirani na hospitali ya Heartlands, nasikia wasomi wakidai kwamba watafiti wa kwetu hawaweki takwimu za afya kwenye mitandao ya pamoja kwa kukosa kompyuta. Si kweli hata kidogo! Mtandao wa INDEPTH, uliokuwa na vituo kama Ifakara na Kilifi, ulifungua hazina yake ya takwimu mwaka 2013. Kikwazo ni haki. Aliyezunguka nyumba hadi nyumba miaka nenda rudi, akiandika vizazi na vifo, mara nyingi jina lake halionekani kwenye makala. Aliyepakua Ulaya ndiye mwandishi. Wapeni kwanza uandishi na mafunzo ya uchambuzi, halafu ombeni takwimu. Wenzangu mwasemaje?