Ukitoka Bandarini, Kata Kulia!

Wenzangu wa Pemba, wa Tibirinzi, wa Madungu, wa Machomanne na wa Wawi, nalisema wazi tangu mwanzo: mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, kuanzia bandari ya Malindi mpaka Shangani, ndiko kuzuri kuliko kote nilikowahi kutembea kwa miguu. Hujamaliza kulishangaa jumba moja, la pili limeshakukamata! Na wengi wetu tunashuka hapo hapo. Boti ya kutoka Mkoani inatia nanga, tunabeba maboksi yetu na mikungu yetu ya ndizi, tunakimbilia daladala au boti ya Dar, tumeondoka. Safari hii nilikata kulia, nikaifuata barabara ya Mizingani na bahari yake mpaka mwisho, na tangu siku hiyo sina hadithi nyingine.

Huna haja ya kwenda mbali ndipo uanze kufaidi. Karibu kabisa na lango la bandari, ng'ambo ya barabara, imesimama Dispensari ya Zamani. Jamani, roshani zile! Mbao zimetobolewa na kuchongwa mpaka zinafanana na kofia ya kiua iliyodariziwa na fundi hodari, ghorofa juu ya ghorofa, na vioo vya rangi vinavyoshika jua la asubuhi. Aliyelijenga ni Tharia Topan, tajiri wa Kiismaili mwenye asili ya Kutch, India. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, mwaka ambao Malkia Victoria wa Uingereza alitimiza miaka 50 ya utawala wake. Topan mwenyewe alifariki 1891, na jengo likakamilika 1894 bila ya yeye kuliona. Chini palikuwa na dawa za wagonjwa, juu pakikaliwa na watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilichakaa vibaya, mpaka taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ilipolishika na kulifufua, kazi iliyomalizika 1996. Nilisimama pale nimeinua kichwa mpaka shingo ikaniuma, wachukuzi wa bandarini wakinipisha na mikokoteni yao.

Mbele kidogo ni Mtini, mti mkubwa ambao inasemekana ulipandwa na Sultani Khalifa bin Haroub mwaka 1911. Kivuli chake peke yake ni baraza ya mji. Manahodha wa boti za kisiwa cha Changuu wanasubiri wageni, wazee wanapiga soga, paka wamelala. Karibu yake ni jengo la zamani la forodha, ambamo Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianza kufundisha qanun, udi na fidla za taarab mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kisha Beit al-Sahel, kasri ya masultani, nyeupe, ndefu, imeitazama bahari uso kwa uso. Hapa nilipita haraka, nakiri macho yangu yalikuwa yameshaliona jumba la mbele yake.

Beit al-Ajaib! Nilikuwa nimeliona kwenye picha, kwenye kalenda, kwenye vitabu vya skuli. Picha haitoshi. Picha haiwezi kukupa urefu wa nguzo zile za chuma wala upana wa mabaraza yanayolizunguka jumba zima juu kwa juu. Sultani Barghash bin Said alilijenga 1883 kwa ajili ya sherehe na kupokea wageni wake wakubwa. Huyu ndiye aliyeuletea mji maji ya mfereji kutoka chemchemi za nje ya mji, na ujanani mwake aliwahi kuishi Bombay alikohamishwa baada ya kugombea kiti na nduguye Majid. Alirudi na macho ya mtu aliyeona mji mkubwa. Baadaye jumba likawa la kwanza mjini kuwa na umeme na lifti.

Nilipofika mimi lilikuwa limezungushiwa mabati. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Huzuni ile inaonekana hata leo, pale ambapo jicho linautafuta mnara. Lakini hata likiwa na jeraha, jumba linatisha kwa ukubwa wake, na nasema msisubiri mpaka likamilike ndipo mwende. Nendeni mkalione sasa, mlione tena litakapokamilika.

Sasa nije kwenye jambo lililonikosesha usingizi usiku ule. Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu shamba kwa shamba. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Kuanzia hapo kisiwa chetu ndicho kikawa shamba kuu la karafuu, na mpaka leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar inatoka kwetu. Barghash alikuwa hajatimiza hata miaka miwili kwenye kiti. Miaka 11 baada ya kimbunga, Beit al-Ajaib limesimama. Fedha hazikutoka kwenye karafuu peke yake; kulikuwa na pembe za ndovu pia, na ushuru wa bidhaa za kila namna, lakini mwishoni mwa karne ile serikali ilikuwa ikichukua robo ya karafuu kwa ushuru, na karafuu zenyewe zilikuwa zikija hapa hapa, kwa majahazi, kutoka Wete, kutoka Chake, kutoka Mkoani. Kila aliyewahi kukaa usiku akichambua karafuu, vidole vikawa vyeusi na konyo zikajaa kwenye jamvi, ana haki ya kusimama mbele ya nguzo zile na kusema: na mimi nimo.

Na waliochuma enzi hizo, wengi wao walikuwa watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini utumwa haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897, na katika miaka hiyo ya katikati mashamba ya Pemba yalizidi kudai mikono. Uzuri wa Mizingani una jasho lao ndani yake. Sikuona kibao hata kimoja njia nzima kinachowataja, wala kinachoitaja Pemba, na hili ndilo pungufu moja kubwa ninaloliona katika mahali palipokamilika hivi. Wahusika wakiniuliza, nitawaonyesha pa kukiweka: ukingoni mwa bahari, mkabala na Ajaib, palipotua majahazi yetu.

Ukuta wenyewe wa bahari ni raha nyingine. Umejengwa upya kwenye mradi wa huduma za miji wa Zanzibar kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na sasa mtu anatembea kwa nafasi, upepo unampiga, mawimbi chini yake. Hapo ndipo nilipojaribu kuiona asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Khalid, mwana wa Barghash, aliyejitwalia usultani bila ya ridhaa ya Waingereza, alikuwa amejifungia kasrini, amekataa kutoka. Ilipogonga saa tatu asubuhi manowari za Waingereza zilikuwa zimepangwa mbele ya kasri, na dakika chache baadaye zikafungua mizinga. Kwa muda usiozidi saa moja yote yakawa yamekwisha. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama bandarini, kasri ya Beit al-Hukm haikusimama tena, na watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Ajaib likabaki. Ukisoma habari hii ukiwa nyumbani ni mistari michache. Ukisimama pale ukapima kwa macho umbali kutoka majini mpaka kwenye milango, mwili unasisimka!

Kisha jua likaanza kushuka, na Forodhani ikaamka. Bustani hii ilitengenezwa kwa Jubilei ya Sultani Khalifa 1936, na Aga Khan akaifanyia matengenezo makubwa yaliyomalizika 2009. Mchana ni bustani nzuri ya kukaa. Usiku ni sherehe! Taa zinawashwa, majiko yanafukiza, vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani kwa mbwembwe na makelele, wengine wakipinduka hewani mara mbili, na watu wanawapigia makofi. Pweza, ngisi, mishikaki, kachori, mkate wa kumimina, urojo wenye ukwaju wa kukukunja uso. Piza ya Zanzibar nimeila mbele ya mpishi wake, anaukunja unga mwembamba juu ya nyama, yai na kitunguu kwa kasi ambayo macho hayaifuati. Juisi ya miwa kwa ndimu na tangawizi ilinipa rafiki. Muuzaji alinisikia ninavyosema akacheka.

"Ndugu yangu, Pemba wapi?"

"Chake. Tibirinzi."

"Mimi Konde. Karibu mjini, kaka, hiki cha pili hulipi."

Ushauri wangu kwa mgeni: ulizeni bei kabla ya kuchagua, chagueni jiko lenye wenyeji wengi, na nendeni baada ya Magharibi, si kabla.

Nyuma ya bustani ni Ngome Kongwe, kuta nene zilizojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondoshwa, mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Sisi wa Chake tuna ngome yetu, sehemu iliyobaki baada ya nyingine kuvunjwa kupisha hospitali, na ndani yake makumbusho ya Pemba. Naipenda na nitaendelea kuipenda. Lakini kuingia Ngome Kongwe ukakuta uwanja wa wazi, ngazi za mawe za kukalia, na anga ndiyo paa lake, ni jambo jingine. Humu ndimo tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, limekuwa likionyesha filamu usiku. Humu ndimo tamasha la muziki la Sauti za Busara, tangu 2004, limekuwa likipandisha jukwaani wanamuziki wa Afrika nzima karibu kila Februari. Nilikaa kwenye ngazi ya juu kabisa, jukwaa tupu, nikasikia mwangwi wa mtu mmoja akipiga mluzi upande wa pili. Sauti ile ilizunguka kuta zote! Hebu fikirini ngoma na zumari humo ndani. Februari ijayo nitakuwepo, na ninakuja na wadogo zangu wote watatu. Nauli yao nimeshaanza kuiweka.