Mwanza Ilikuwa Nusu Saa Tu

Picha za ajali ya ndege ya Bukoba, asubuhi ya Jumapili, Novemba 6, 2022, kila msomaji wa ukurasa huu amezitazama mara nyingi: mkia wa ATR 42 umebaki juu ya maji, mitumbwi imeuzunguka, watu wamejipanga ufukweni wanavuta kamba. Sitazisimulia upya. Ninachokichambua leo ni kitu ambacho hakuna simu iliyokirekodi, nacho ni uamuzi wa kushuka. Uamuzi ule ulikuwa kosa. Ungekuwa kosa hata kama magurudumu yangegusa lami na abiria wote 39 wangeshuka wakimshukuru rubani.

Naanza na hukumu kwa makusudi, maana tangu siku ile nimechoka kusikia kwamba "ilikuwa hali ya hewa". Hali ya hewa haikuanza siku ile. Ziwa limekuwepo, na tabia yake inajulikana.

Safari yenyewe haikuwa na utata. PW494 ya Precision Air, kutoka Dar es Salaam kwenda Bukoba, umbali wa kilomita kama 1,000 kwa mstari ulionyooka, marubani wawili na wahudumu wawili. Kupaa Dar, kupanda, kuvuka katikati ya nchi hadi ziwani, yote yalikwenda sawasawa na hayana haja ya mjadala. Ilikuwa itue saa 2:30 asubuhi.

Hapo ndipo pa kusimama. Kwa simulizi za manusura, abiria walitangaziwa kwamba hali ya hewa ya Bukoba si nzuri. Ndege ikazunguka angani ikisubiri. Kisha ikashuka. Hadi saa 2:53 taarifa zilikuwa zimefika kwenye kituo cha uendeshaji cha kampuni kwamba ndege haijatua. Kati ya saa 2:30 na saa 2:53 kuna dakika 23, na muda wote huo Mwanza ilikuwa inafikika. Nimepima kwenye ramani: Bukoba hadi Mwanza ni maili 94 za anga, yaani kilomita 174. Kwa ATR hiyo ni nusu saa tu, ukihesabu na kupanda na kushuka. Muda ule ule uliotumika kuzunguka ungeifikisha ndege karibu kabisa na uwanja wenye njia ya kurukia inayozidi mara mbili ile ya Bukoba, wenye mnara na vifaa. Na kama kusini kungekuwa kubaya, Entebbe iko upande wa kaskazini kwa umbali unaolingana.

Sasa tazama rubani alikuwa akishukia nini. Njia ya kurukia ya Bukoba ina urefu wa mita kama 1,500. Ukija kutua kwenye njia namba 31, unakuja juu ya maji mpaka mwisho kabisa; lami inaanza pale ziwa linapoishia. Upande wa pili kuna mji na vilima, kwa hiyo anayekosea na kutaka kupaa tena ana nafasi finyu ya kujitetea. Hakukuwa na ILS, mitambo ya kuongoza ndege inapotua, ya kumshika mkono. Rubani anategemea macho, na katika mvua juu ya ziwa macho ndiyo yanayodanganya kwanza. Maji ya kijivu chini ya wingu la kijivu hayana mti, hayana nyumba, hayana barabara ya kukupimia urefu. Maji yakitiririka kwenye kioo cha mbele huipinda taswira, na njia ya kurukia inaonekana iko chini kuliko ilivyo. Anayeiona hivyo anajihisi yuko juu mno, anasukuma pua chini, ilhali yuko chini tayari. Mambo haya yamo kwenye vitabu vya mwaka wa kwanza vya urubani. Hakuna mwenye leseni ya kubeba abiria ambaye hakuyasoma.

Ongeza upepo. Mvua ya radi inaposhuka hukokota hewa baridi kuileta chini, hewa hiyo ikigonga maji inatawanyika pande zote. Ndege inayoingia ndani yake kwanza inapata upepo wa mbele na kuinuliwa, rubani anapunguza nguvu za injini. Sekunde chache baadaye upepo unageuka kuwa wa nyuma, mwendo unaanguka, na ndege inazama. Ukiwa futi 3,000 juu ya ziwa unayo nafasi ya kujiokoa. Ukiwa futi 300 huna. Ndiyo maana kanuni ya kutua kwa utulivu ipo: kufikia futi 1,000 juu ya uwanja katika hali ya kuruka kwa vifaa, au 500 katika hali ya kuona, mwendo, kasi ya kushuka na mwelekeo viwe vimetulia, la sivyo unapaa tena bila majadiliano. ATR ile iliingia majini mita kama 500 kabla ya kufika njia ya 31. Mita 500 ni sekunde chache za kuruka. Lakini kosa ninalolizungumzia halikutokea ndani ya sekunde hizo. Lilitokea pale mtu alipoacha kuzunguka na kusema, tujaribu.

Neno "tujaribu" nina ugomvi nalo wa muda mrefu. Kutua ni jambo lenye masharti. Yakitimia unatua, yasipotimia unaondoka. Anayesema atajaribu amekwisha kuyaweka masharti pembeni.

Watu wa Bariadi, huku kwetu Simiyu, wananielewa haraka nikizungumzia ziwa, kwa sababu sisi tuko upande wake wa pili na tunapokea mvua zake kwa saa tofauti. Usiku nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto. Upepo unavuma kutoka pande zote za nchi kuelekea ziwani, hewa inakutana katikati, inapanda, radi zinazaliwa juu ya maji usiku wa manane na alfajiri. Upepo mkuu wa ukanda huu unatoka mashariki, hivyo mawingu hayo yanasukumwa kwenda magharibi, na anayeyapokea asubuhi ni Bukoba. Mchana mambo yanageuka: nchi inapata joto, upepo wa ziwa unaingia bara, na mvua ya Simiyu inajengeka alasiri. Mama wa Bariadi anayeanika mtama mwezi Novemba hahitaji kusoma TAF, utabiri wa hali ya hewa wa uwanja wa ndege, kujua kwamba ikifika saa tisa aanze kutazama anga. Bukoba hupata mvua ya milimita kama 2,000 kwa mwaka, sisi hatufiki nusu yake, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni radi hizi za alfajiri.

Kwa hiyo kufika Bukoba saa 2:30 asubuhi, mwezi wa vuli, ni kulipangia ziwa miadi katika saa yake mbaya kuliko zote. Kufikia saa nne au saa tano, mara nyingi mzigo wa radi umekwisha kujimwaga. Hapa kosa linapanda ngazi, kutoka chumba cha marubani hadi kwenye ofisi inayopanga ratiba. Siwaondolei marubani jukumu lao. Kapteni ndiye mwenye neno la mwisho, na sheria inasema hivyo. Ila ratiba iliyompeleka mlangoni mwa radi ilichapishwa na watu waliokuwa wamekaa mezani.

Na hapa niseme tena kuhusu kisanduku cha 16 cha fomu ya mpango wa safari ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hata kama wapo wanaonichoka. Kisanduku hicho kina uwanja unaokwenda, muda wa safari, na uwanja mbadala. Marubani wengi vijana wanauandika uwanja mbadala kama wanavyoandika tarehe, kwa sababu fomu inadai. Kisha wanapiga hesabu ya mafuta vizuri sana: ya kutembea ardhini, ya safari, asilimia tano ya dharura, ya kwenda uwanja mbadala, na dakika 30 za mwisho ambazo haziguswi. Hesabu safi. Lakini hesabu hiyo inakuambia una uwezo wa kwenda Mwanza. Haikuambii ni saa ngapi utageuka kwenda Mwanza. Saa hiyo haimo kwenye fomu yoyote. Inabidi uiandike mwenyewe, kwa kalamu, kabla ya kuwasha injini: nikifika juu ya Bukoba nisipouona uwanja wote, nazunguka hadi saa fulani, kisha pua inaelekea Mwanza, hata kama mvua imeanza kupungua, hata kama kuna abiria anayewahi mazishi. Mafuta ya uwanja mbadala yamelipiwa ili yatumike. Tangi za ATR 42-500 zinabeba kilo 4,500, na siku ile ndege haikuwa imejaa watu. Kilichokosekana hakikuwa lita.

Akili ikiwa ardhini, kwenye kiti, na chai mezani, inaamua vizuri. Akili hiyo hiyo ikiwa imezunguka dakika kadhaa ndani ya mawingu, imekwisha kuwatangazia abiria, na imeliona tundu dogo la mwanga upande wa mji, inaanza kulitafsiri tundu lile kuwa ni ruhusa.

Wazee wa ziwa hili hawakuwa hivyo. Februari 28, 1931, Imperial Airways ilifungua safari ya London hadi Mwanza. Ndiyo, mwisho wa njia ulikuwa Mwanza, na sehemu ya safari ilifanywa na ndege zinazotua majini. Hawakuwa na rada wala satelaiti. Walikuwa na dira, saa na penseli, na kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufika na saa yake ya kutokwenda. Na kwa walio karibu zaidi nasi, nitamtaja Kapteni Deo Mazula hadi siku nitakayoacha kuandika. Februari 26, 1982 alipaa Mwanza na Boeing 737 ya Air Tanzania kuelekea Dar es Salaam, watekaji wakamgeuza. Nairobi, Jeddah, Athens, hadi Stansted, Uingereza. Ukitoa ule wa kwanza mfupi wa Nairobi, kila mruko ulikuwa wa kilomita kama 2,500, ndani ya uwezo wa 737-200. Akiwa chini ya silaha, aliendelea kuwa rubani anayejua tangi lake linamfikisha wapi. Huyo hakuwa na fomu iliyojazwa. Mpango ulikuwa kichwani.

Mkoa wetu wa Simiyu nao una rubani wake wa kukumbukwa. Januari 29, 2016, katika Pori la Akiba la Maswa, Roger Gower alipigwa risasi na majangili kutoka chini akiwa anaendesha helikopta ya doria. Alikuwa na jeraha la kumuua, bado aliihangaikia helikopta hadi ikafika chini, na mwenzake akapona. Inaniuma kwamba anga ya Simiyu inatajwa pale tu mtu anapokufa.

Kuhusu uokoaji wa Bukoba, ripoti ya awali ilieleza kwamba wavuvi ndio waliotangulia kufika, na nchi nzima inalijua jina la mmoja wao, Majaliwa Jackson. Mlango wa nyuma ulifunguka, watu 24 wakatoka hai. Kazi nzuri, ya watu wenye mitumbwi. Kuwa na uwanja unaoishia ziwani bila boti ya uokoaji iliyo tayari dakika yoyote ndege inapokaribia ni aibu niliyoilalamikia kwa viwanja vyote vya ukanda huu, na ILS niliyoiombea Bukoba ningeiombea tena leo.

Lakini msiniletee ILS kama jibu la Novemba 6. Watu 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwemo, nami nawaandika kwa heshima waliyostahili. Kifaa kingewasaidia kushuka; wao hawakuhitaji kushuka. Walihitaji saa moja iliyoandikwa kwenye karatasi na kampuni ambayo ingempongeza kapteni kwa kuwapeleka abiria wa Bukoba Mwanza wakiwa wamekasirika na wazima.

Vijana mnaosomea urubani, mkijaza kisanduku cha 16 andikeni pembeni saa ya kugeuka, na msomeane kwa sauti kabla ya kupaa. Nanyi mnaopanga ratiba za Kanda ya Ziwa, kwa miezi ya masika na ya vuli, ndege ya kwanza ya Bukoba isifike kabla ya saa tano asubuhi.