Kamba Yenye Mafundo Manne

Fundi alikuja na mfuko wa singa za mkonge begani, na hakutoa futi. Alipiga hodi, akamwamkia bibi, akaketi kwenye kigoda chini ya mwembe na kuanza kumtazama. Bibi alikuwa akichambua mchicha. Aliinuka mara tatu: kwanza kufuata kisu, kisha kufukuza kuku, mwisho kumletea mgeni maji ya kunywa. Kila alipoinuka, fundi aliangalia kitu kimoja tu, mkono wa kushoto wa bibi umekwenda kushika wapi. Jua lilipokaribia kuzama akaniita kando. "Bibi yako ameshajitengenezea njia zake," akasema. "Mimi nimekuja kuzifuata."

Bibi ni mzaa mama. Anaishi upande wa Sindeni, pembeni ya ile barabara ya lami ya kilomita 65 inayotoka Korogwe kwenda Handeni, katika nyumba ya udongo na bati aliyoijenga pamoja na babu. Presha anayo miaka mingi. Jicho la kulia limekwenda kwa presha ya macho, na la kushoto linamsaidia mchana tu. Masika ya mwaka juzi alianguka usiku akienda chooni. Hakuvunjika, lakini paja lilivilia damu likawa jeusi, na wiki tatu hakushika jembe.

Wajomba wakaweka kikao. Mmoja alitaka bibi ahamie kwake Dar es Salaam, mwingine akasema aje kwetu Korogwe mjini, karibu na hospitali. Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawakumbusha kwamba Dar alishakaa miezi miwili, na kwa miezi yote miwili kazi yake ilikuwa kuulizwa kama amekula. Babu kalala pale nyuma ya mkorosho, akasema, na yeye hana safari. Wajomba walikasirika, na mimi nawaelewa: hofu yao ilikuwa ya kweli. Mama ndiye aliyekumbuka kwamba Korogwe yupo mzee anayewamba vitanda, ambaye watu humwita hata kwa mambo yasiyohusu vitanda.

Huyo mzee alizaliwa katika kambi ya mkonge, baba yake akiwa mkataji. Anayepita Korogwe leo bado anaiona ile mistari ya mkonge, lakini ni vigumu kufahamu jinsi zao hilo lilivyoshika maisha ya watu hapa. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mkonge Tanganyika mwaka 1893, na mwaka 1964 nchi ilizalisha tani kama 230,000, kiasi ambacho hakijafikiwa tena. Kisha nailoni ikaja na bei ikaanguka. Fundi wetu alifanya kazi kwenye korona, mashine inayoponda jani na kuacha singa, akaanika singa, akafunga marobota. Kazi ilipopungua alirudi kwenye jambo alilofundishwa na baba yake kabla hajaanza shule: kusokota kamba kwa mkono.

Nimemtazama akisokota, na naweza kumtazama kutwa nzima. Anachukua mafungu mawili ya singa, kila moja unene wa kalamu, anayalaza juu ya paja sambamba. Analowesha kiganja. Anayasukuma mafungu kuelekea gotini kwa mkupuo mmoja, kila fungu likijisokota peke yake. Kisha kiganja kinarudi nyuma na mafungu yanakumbatiana. Uzi umekwenda upande huu, kamba inakunja upande ule. Kupingana huko ndiko kunakoifanya kamba ishikamane isifumuke. Fungu linapokaribia kwisha haliungi kwa fundo. Anaingiza singa mpya chache chache, ndefu na fupi, kiasi kwamba ukipitisha kidole huwezi kusema kamba ya kwanza imeishia wapi. Mwisho anaipitisha juu ya moto wa haraka kuunguza vijisinga vilivyosimama, na kuisugua kwa kipande cha gunia hadi isichome mkono.

Alianza na kitanda. Kile cha bibi kilikuwa kimebonyea kama machela, na tulikuwa tumekizoea hivyo bila kufikiri kwamba mtu wa umri wake akizama humo, kutoka ni kazi ya kupanda shimo. Fundi alimwomba bibi akae kwenye ndoo iliyofunikwa, kisha kwenye debe, kisha kwenye mfuko wa mahindi, mpaka akafika pale bibi alipoinuka bila kujisukuma kwa mikono. Hapo akachukua ugwe, akapima kutoka unyayoni hadi kwenye mkunjo wa goti, akapiga fundo. Ugwe ule aliuvaa shingoni siku mbili alizokuwa kwa bibi.

Matendegu mapya aliyakata marefu kuliko lile fundo kwa upana wa vidole viwili, kwa sababu kamba ikikaliwa hushuka. Akayachomeka kwenye mifumbati na vitakizo bila msumari hata mmoja. Akawamba. Miguuni aliacha uwazi wa shubiri moja na kupitisha kamba ya peke yake ya kukazia, maana kamba ya mkonge hujikaza siku za mvua na kulegea kiangazi, na kitanda cha mzee hakitakiwi kungoja fundi atoke Korogwe. Alimfundisha kijana wa jirani namna ya kuivuta. Tendegu moja, la upande wa kushoto kichwani, alilifanya refu hadi usawa wa kifua cha bibi akiwa amekaa. La mti wa mkwaju. Alilisugua kwa majani ya msasa, ule mti ambao karatasi ya dukani imechukua jina lake, mpaka likawa laini kama mpini wa jembe la zamani.

Lile tendegu lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu anapotoka kulala na kusimama ghafla, damu hushukia miguuni, na kwa mzee anayekunywa dawa za presha mishipa huchelewa kuirudisha juu. Hapo ndipo kizunguzungu kinapomkuta, gizani, nusu ya usingizi. Muuguzi alikuwa amemwambia bibi mara nyingi akae kwanza kitandani, miguu chini, mpaka kichwa kitulie. Bibi alilijua hilo, ila kitanda kilichobonyea hakina pa kukaa. Sasa anaketi wima, mkono wa kushoto umeshika mti, anatulia, ndipo anainuka.

Nilitaka fundi aondoe kizingiti cha mlango wa nyuma. Nilikuwa nimeshakilaani moyoni tangu siku bibi alipoanguka. Akakataa, tena kwa ukali kidogo. Mguu wa bibi umeinuka mahali pale kwa zaidi ya miaka hamsini, akasema; ukikiondoa, mguu utaendelea kuinuka na utashuka mahali pasipo na kitu. Na mvua itaingia ndani, na udongo utateleza. Alichofanya ni kuchonga ukingo wake ukawa wa mviringo, na kukipaka chokaa ili hata lile jicho moja likione. Nilijifunza siku hiyo kwamba hatari ninayoiona mimi, mwenye macho mawili na ninayelala hapo mara moja kwa mwezi, huenda isiwe hatari yake.

Usiku fundi akaomba taa zizimwe. Akafumba macho, akatembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi chooni, hatua ishirini na mbili, akajikwaa mara mbili. Kisha akamwomba bibi atembee, yeye akifuata nyuma karibu, mikono wazi, bila kumgusa. Kila mahali unyayo wa bibi uliposita, alichomeka kijiti. Asubuhi vijiti vilikuwa vinne: chini ya kizingiti, penye kona ya jiwe la kufulia, penye mfereji wa maji ya mvua, na mbele ya mlango wa choo. Hapo ndipo palipozaliwa mafundo manne. Alisimamisha nguzo tatu za mkwaju, akafunga kamba nene ya nyuzi tatu kutoka kwenye mwimo wa mlango hadi kwenye choo, usawa wa nyonga ya bibi, na kila penye kijiti akapiga fundo ambalo kiganja hakiwezi kulipita bila kulijua. Ndani ya choo akachimbia mti wa kushika, na juu ya tundu akaweka kiti cha mbao chenye urefu wa ule ugwe wa shingoni.

Nilikuwa nimenunua kamba ya plastiki dukani, nzuri, ya kijani, nikidhani itadumu. Aliishika, akaivuta, akanirudishia. Ikilowa inateleza, alinieleza, na ikikaa juani miezi michache hukauka na kukatika bila kuaga. Mkonge nao huoza, lakini huoza polepole na mkono unauona ukioza. Ubadilishwe kila mwaka kabla ya masika.

Jambo moja lilimshinda. Alikuwa amefunga kengele ya mbuzi kwenye nguzo ya mwisho, bibi aivute akipata shida, jirani asikie. Bibi aliishika, akaitikisa mara moja, akasema, "Mwanangu, mimi si mbuzi." Fundi akaifungua palepale, hakubishana. Ndipo wakakaa wawili hao, wakazungumza na jirani, wakakubaliana: bibi hutupia kuku mahindi kila alfajiri huku akiwaita kwa sauti, kama alivyofanya siku zote. Jirani asiposikia kuku wakiitwa mpaka jua litokeze juu ya mkorosho, anakuja kupiga hodi. Ulinzi wenyewe ni huo, na bibi ndiye anayeuendesha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Wako wataalamu wanaosomea kazi ya kumrekebishia mtu nyumba na shughuli zake ili aendelee kujitegemea. Hapa nchini wanafundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye barabara kuu inayopita Korogwe. Ni wachache mno kufika kila uani. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema familia ndiyo ya kwanza kumtunza mzee, na dirisha la wazee katika vituo vya afya ni jambo jema. Bibi hupimwa presha hapo na kurudi na dawa zake. Lakini mzee hupimwa mchana, amekaa kwenye kiti, na huanguka saa nane za usiku penye mfereji. Nafasi hiyo ya katikati huzibwa na mtu mwenye subira ya kutazama. Natamani halmashauri zetu za Handeni na Korogwe ziwatambue mafundi wa namna hii, ziwakutanishe na wahudumu wa afya wa vijijini, kabla mikono yao haijaondoka na ujuzi wake.

Kabla hajaondoka alimchongea bibi mkongojo. Ule wa zamani ulikuwa wa babu, mrefu, ulimlazimisha kuinua bega. Alimwomba asimame mikono ikining'inia, akapima hadi kwenye kifundo cha mkono, akakata hapo, akavisha ncha kipande cha tairi. Wa babu hakuugusa. Aliutundika ukutani juu ya kitanda.

Tangu hapo masika moja imepita na bibi hajaanguka. Sisemi hataanguka. Ana miaka themanini na zaidi, presha haijaondoka, na jicho la kushoto linazidi kufifia. Lakini anaamka kwake, anapika kwake, na wajomba sasa wakija huja kumsalimia, hawaji kumbembeleza ahame.

Mwaka huu fundi alileta kamba mpya mwezi wa Machi, kabla mvua hazijaanza. Akaifunga, akakaa kwenye kigoda kungoja. Bibi aliipapasa kutoka mwimo wa mlango hadi chooni, akarudi nayo polepole, akasimama penye jiwe la kufulia. Fundo la pili limesogea, akasema, kama vidole viwili. Fundi akainuka, akapima, akakuta ni kweli. Akalifungua na kulirudisha mahali pake.